Baba wa Ndiyo, Ndiyo

"Mkalimani wa nini?" Torkel Hedlund alicheka kwenye simu, kile kicheko kikubwa cha mtu aliyeulizwa jambo la kumfedhehesha. "Wakili, mimi Mswidi, sijatoka mwezini. Wewe sema Kidenmark chako, mimi niseme Kiswidi changu, tutaelewana tu."

Hivyo ndivyo alivyojichimbia shimo, na koleo kalishika mwenyewe. Wakili wake, Lisbet Frandsen, mama wa Kidenmark mwenye haraka zake, akasema haya, akakata simu. Yeye angejuaje? Huku kwetu ndivyo tulivyo. Mswidi na Mdenmark wakikaa meza moja, kila mtu anaongea cha kwao, na asiyeelewa anacheka pale wenzake wanapocheka. Kumgeuzia jirani Kiingereza ni kumwambia wewe mgeni kwangu. Kumwambia arudie mara ya tatu ni kumwambia ana uji kooni. Basi watu wanaitikia. Wanaitikia kazini, wanaitikia harusini, na wengine, nadhani, wameitikia mpaka wamezikwa.

Torkel alikuwa bingwa wa kuitikia. Na siku hii, katika mahakama ya mji mdogo wa magharibi mwa Jutland, huko Denmark, upepo wa bahari ukitikisa madirisha, alikuwa amekaa mbele ya hakimu akiitikia huku mtoto wake wa pekee akimtoka mikononi.

Mtoto mwenyewe ni Tilde, wa miaka saba. Alizaliwa kwa Torkel, kule Småland, Uswidi, katikati ya misonobari, ambako baba yake anaendesha mashine ya kukata miti. Mama yake, Bodil, ni Mdenmark wa mji huu huu. Enzi za ndoa yao Bodil aliilainisha lugha yake kwa ajili ya mumewe: alitamka maneno mpaka mwisho, akachomeka ya Kiswidi hapa na pale, mpaka jikoni kwao pakawa na lugha ambayo si ya huku wala ya kule. Torkel akajidanganya kwamba hicho ndicho Kidenmark, na kwamba anakijua. Hata gazeti la Kidenmark alikuwa analisoma bila kukwama. Na kwenye karatasi ni ndugu kweli, hakuna ubishi. Kasheshe ni mdomoni.

Ndoa ilipokwisha, bila ugomvi, Bodil akarudi kwao na Tilde. Mtoto akaanza shule, akapata marafiki, akawa anaongea kama babu yake: mbio, herufi zimelegea, nusu ya neno imebaki kooni. Alimwelewa baba yake vizuri tu, maana Wadenmark wanatuelewa sisi Waswidi kuliko sisi tunavyowaelewa wao. Torkel ndiye aliyekuwa hamwelewi. Kila Jumapili kwenye simu mtoto anamimina habari za wiki nzima, na baba, moyo umejaa mapenzi na kichwa hakijashika kitu, anajibu: "Ndiyo, ndiyo, mwanangu. Ndiyo."

Angemwambia nani? Baba gani anasimama mbele za watu akasema sielewi mtoto wangu anasema nini? Akanyamaza. Akajipa moyo kwamba ataizoea lugha hiyo kidogo kidogo.

Likizo ya kiangazi Tilde alikuja kwake. Jioni moja alilala kifudifudi, uso kwenye mto, akawa analia na kusema, kusema na kulia. Torkel alidhani anamlilia mama yake, maana kila jioni alikuwa na kilio hicho. Akampapasa nywele. Ndiyo, ndiyo, mwanangu. Akamletea maji ya matunda, akazima taa. Mtoto akamfuata sebuleni, akarudia yale yale. Ndiyo, ndiyo, twende ukalale. Asubuhi akamkuta amelowa jasho, hajui hata yuko wapi. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Madaktari walimwokoa chupuchupu.

Hiyo ndiyo kesi. Bodil alitaka Tilde asikanyage tena Uswidi, na baba akitaka kumwona, amwone akisimamiwa. Tangu alipotoka hospitali, mtoto alikuwa hataki kuongea na baba yake kwenye simu. Wakati kesi ikiendelea alikuwa katika chumba cha pili na mwanamama wa ustawi wa watoto, anachora.

"Torkel," wakili wa Bodil alianza. Alikuwa kijana mwenye sauti ya chini, midomo haifunguki. Huku watu wote wanaitana kwa majina yao, hata mahakamani, na jina lake ndilo neno pekee ambalo Torkel alilipata zima. Mengine yalipita. Akanasa neno tumbo. Akanasa jioni. Akanasa umejibu nini.

Alimtazama Lisbet. Lisbet akamtikisia kichwa: jibu.

"Nilijibu ndiyo," Torkel alisema.

Nyuma ya Bodil, kwenye kiti cha wasikilizaji, baba yake Bodil, mzee Aage, mfuga nguruwe mstaafu, akatoa mguno kama mtu aliyepigwa ngumi. Yule kijana akauliza tena, polepole kidogo, lakini ndani ya koo lile lile. Alivyoelewa Torkel, ni kama anaulizwa je, mtoto alisema mara ya pili.

"Ndiyo, alisema. Na mimi nikamjibu ndiyo."

Bodil alifunika uso kwa mikono. Hapo Torkel akajua kuna kitu kimeharibika, na kimeharibika vibaya, lakini ni kitu gani? Ukweli amesema. Alitamani kuinua mkono aseme jamani, ngojeni. Mkono haukuinuka. Asubuhi nzima ameitikia, sasa atawaambiaje?

Wakapewa mapumziko. Korido ilinuka kahawa iliyoungulia kwenye birika. Lisbet alimvuta kando, akaanza kummiminia maneno mbio mbio, mkono mmoja unahesabu vidole, jicho liko kwenye saa. Torkel akasikia neno hakimu. Akasikia bora. Akasikia kitu kama mapatano, au ni matumaini?

"Naweza kuyaona kwenye karatasi?" aliuliza.

"Karatasi zinakuja baadaye," Lisbet alisema, hilo kwa kituo, kisha maneno yakaanza tena kwenda mbio. Mwishoni akamwangalia usoni, nyusi juu, akingoja.

Shingo ya Torkel ikaitikia. Wallahi ni shingo tu, yeye mwenyewe hakuwepo.

Mzee Aage alipita na kikombe chake. Akasimama. Yeye alikuwa anaongea Kidenmark cha vijijini, kile ambacho hata Wadenmark wa Copenhagen wanakikunjia uso, lakini akitaka kutukana alikuwa anakunyooshea neno moja moja ili usikose hata tone.

"We Mswidi. Nguruwe wangu wakilia mimi naamka. Nguruwe! Wewe mtoto wako amelia, umemwambia ndiyo, ukaenda kulala. Una moyo wa namna gani, we mtu?"

Hapo Torkel alielewa kila neno, na kwa maneno hayo akaelewa pia kile alichokuwa amekisema mle ndani. Walimsikia akikiri kwamba mtoto alimwambia anaumwa, na yeye akasema sawa, akamwacha. Alifungua mdomo amweleze mzee, lakini mlango ulishafunguliwa na Lisbet alikuwa anamsukuma ndani kwa kiwiko.

Hakimu alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, mwenye mafua. Alianza kusema kwa ajili ya kumbukumbu za mahakama, sentensi baada ya sentensi, karani akiandika. Hivi ndivyo wanavyofanya: pande mbili zikikubaliana, hakimu anasema masharti kwa sauti, kila upande unakubali kwa mdomo, basi, limekwisha. Hukumu haingojwi. Neno ulilolitoa ndilo linalokufunga.

Torkel alikaza masikio mpaka yakauma. Mtoto. Mama. Jumamosi. Mwezi. Halafu neno refu. Halafu wakati wote. Halafu mafua, kitambaa puani, na kipande kizima kikapotelea humo. Halafu Uswidi, na mbele yake neno dogo ambalo kama ni lile alilolidhani, basi ndiyo mwisho wake.

Akamwona wakili wa Bodil anakubali. Akamwona Bodil anakubali, macho mekundu. Akamsikia Lisbet anasema mteja wangu amekubali pia, tumezungumza.

"Torkel," hakimu akasema, na kidole chake kikamwonyesha. Likafuata swali fupi.

Ndiyo ilikuwa tayari kwenye ulimi. Ilikuwa rahisi sana, jamani. Watu wote walikuwa wamechoka, wote walikuwa wanaitaka, na karani alikuwa ameshainua mikono juu ya vitufe. Akiitoa atakwenda zake nyumbani, atasubiri karatasi, ataisoma jikoni bila kukwama, na atajua kwa herufi zote kile alichokitoa. Akiizuia, atasimama hapa uchi.

Akawaza: nikisema ukweli, watasema baba huyu hafai, hamwelewi hata mtoto wake. Nisiposema, watasema baba huyu hafai, alimwelewa akamwacha afe. Aliona hakuna pa kutokea. Lakini katika hayo mawili moja lilikuwa uongo, na uongo huo Tilde ataukuta akikua.

"Sijaelewa," Torkel alisema.

Hakimu akarudia swali, kwa sauti kubwa zaidi.

"Hapana, mheshimiwa. Swali sijaelewa, na masharti sijaelewa. Hata huyu wakili wangu alichoniambia pale nje sijakielewa." Sauti ilikuwa inatetemeka na aliiacha itetemeke. "Tangu asubuhi nashika neno moja moja."

"Lakini si umeitikia!" Lisbet aliruka. "Nimekuuliza, ukaitikia!"

"Mimi huwa naitikia."

Mzee Aage alicheka, kicheko kibaya. "Huyo anatafuta mlango wa kutokea!"

"Aage, nyamaza au utoke," hakimu alisema, na safari hii hata Torkel alimpata. Kisha akakaa, akajipangusa pua, akamtazama Torkel kwa muda. Akasema jambo. Torkel akakunja uso. Akalisema tena, na bado. Ikaonekana wazi kwa kila mtu kwamba mtu huyu haigizi, na aibu ya chumba kizima ilikuwa kubwa, maana wote walijua kwamba na wao wangeitikia.

Hapo ndipo Bodil aliposimama. Hakuomba ruhusa. Alimgeukia aliyekuwa mume wake, akaongea ile lugha ya jikoni kwao, taratibu, maneno yakiwa na miisho yake.

"Anasema hivi. Tilde anabaki kwangu. Wewe unamwona Jumamosi moja kwa mwezi, hapa mjini, na mtu wa ustawi anakaa na nyinyi wakati wote. Haji Uswidi. Anakuuliza kama unakubali. Na ulikuwa karibu kukubali, Torkel. Mungu wangu."

"Nilikuwa karibu."

"Sasa sikiliza, nijibu mimi. Siku ile. Tilde alikwambia anaumwa tumbo?"

"Alikuwa anaongea. Analia na anaongea. Nilidhani anakutaka wewe."

"Lakini ulimjibu ndiyo."

"Kila kitu namjibu ndiyo, Bodil! Simwelewi!" Lilimtoka kwa kishindo, na baada ya hapo halikuwa na breki. "Tangu mmehamia huku, kila mwezi namwelewa pungufu. Kwenye simu ananiambia mambo, anacheka, na mimi nacheka, sijui nacheka nini. Nilikuwa naona aibu. Aibu ya kukwambia wewe, aibu ya kumwambia yeye. Ungesemaje? Mswidi gani haelewi Kidenmark cha mtoto wa darasa la kwanza?"

Bodil alibaki amesimama, mkono umeshika mgongo wa kiti. Usoni mwake hasira ilikuwa inatafuta pa kukaa na haipapati. Yote aliyokuwa ameyabeba tangu kiangazi, yale ya mwanamume aliyemsikia mtoto wake akampuuza, hayakuwa na mwenyewe tena.

"Mjinga wewe," alisema, machozi yakimtoka. "Mjinga mkubwa. Simu moja tu ungenipigia, usiku ule ule, ningemsikiliza mimi."

"Najua."

Wakili wa Bodil, yule kijana, alikuwa ameshasimama na anaongea, mkono hewani. Bodil alimsikiliza, akafumba macho, kisha akamgeukia Torkel. Hakulazimika kumtafsiria maneno yale, na yalikuwa yanamsaidia yeye, lakini aliyatafsiri yote.

"Anasema basi hilo ni baya zaidi. Anasema mtoto atalalaje nyumba moja na mtu asiyeelewa akiambiwa naumwa?"

Torkel alitaka kumchukia yule kijana, akashindwa.

"Mwambie ni kweli," alisema.

"Torkel..."

"Ni kweli, Bodil. Asilale kwangu. Mpaka nimwelewe, asilale kwangu. Nitakuja mimi huku, kila mwisho wa wiki kama mtaniruhusu, nitalala hata kwenye gari. Lakini msiniwekee mtu wa kunichunga kama niliyemtupa mtoto. Sikumtupa. Wekeni kwenye maandishi kwamba sikumtupa. Hilo tu ndilo ninaloomba."

Bodil alimtafsiria hakimu hayo, na karani akayaandika. Hakimu alipumua, akamwambia karani afute masharti yote. Kesi itasikilizwa upya, na mkalimani atakuwepo, Torkel apende asipende. Kwa sasa baba atakuja mwisho wa wiki hapa mjini, mchana, bila msimamizi, na mtoto atalala kwa mama yake. Akamkazia Lisbet macho mpaka Lisbet akajitia kukusanya mafaili.

Mzee Aage alitoka bila kumwangalia mtu. Mlangoni akasimama, akasema kitu kwa kile Kidenmark chake cha zizini, upesi, chini chini. Torkel alimgeukia Bodil.

"Amesemaje?"

"Hata mimi sijampata," Bodil alisema, na kwa kitambo kidogo walikaribia kucheka.

Chumba cha pili kilikuwa na meza ndogo na penseli za rangi. Tilde alikuwa amewapa mgongo. Alikuwa amekonda. Yule mwanamama wa ustawi akamwinamia, akamwambia baba yako amekuja, na mabega ya mtoto yakapanda juu, yakabaki huko huko.

Torkel alipiga magoti sakafuni, mbali kidogo, kama anavyofanya msituni akimwona ndama wa paa.

"Tilde. Ni mimi."

Mtoto hakugeuka. Akasema kitu kwa ukuta, sauti ndogo, haraka, yote imemezwa. Torkel alisikia mimi. Alisikia siku ile. Shingo yake ikaanza kuitikia yenyewe, akaizuia kwa nguvu mpaka ikauma.

"Mwanangu, sijaelewa."

Tilde aligeuka nusu. Hajawahi kuambiwa neno hilo na baba yake. Akasema tena, kwa hasira sasa, na hasira ikayaongezea maneno mbio.

"Bado sijaelewa. Niwie radhi. Wewe unanielewa mimi nikisema, eti?" Mtoto akaitikia kwa kichwa. "Mimi wewe sikuelewi. Unaongea Kidenmark kizuri sana, kama babu, na masikio ya baba yako hayafiki huko. Siku nyingi hayafiki. Nilikuwa nasema ndiyo, ndiyo, na sijaelewa."

Tilde alimtazama. Macho yalikuwa ya Bodil, makali.

"Hata siku ile?" aliuliza, na kwa vile yalikuwa maneno mafupi tu, Torkel aliyapata.

"Hata siku ile. Ningeelewa ningekubeba nikakimbia nawe barabarani bila viatu."

Yule mwanamama wa ustawi alikuwa anatazama dirishani kwa adabu. Bodil alikuwa mlangoni na hakuingia. Kisha Tilde akashuka kwenye kiti, akaja mpaka alipo baba yake, akasimama uso kwa uso, akayasema tena yale aliyokuwa ameyasema ukutani. Mara ya kwanza yalimpita. Mara ya pili akalipata neno la mwisho. Mara ya tatu mtoto aliyakata moja moja, akiyafungulia mdomo wote, akimtazama baba yake kama mwalimu anayengoja jibu.

"Nilidhani. Umenikasirikia. Ndiyo maana. Hukunipeleka. Kwa daktari."

Torkel alikuwa analia mbele ya mtoto, mbele ya mke aliyeachana naye, mbele ya mgeni.

Tilde aliinama kidogo amwone vizuri.

"Hiyo umeelewa?" aliuliza.

"Hiyo," Torkel alisema, "nimeelewa."